Ufundi wa pikapu za Liboi wastahili kuingia darasani

Katika nchi hii yetu kuna elimu mbili ambazo kwa miaka mingi zimekuwa zikipishana njiani bila kusalimiana. Ya kwanza ni ile iandikwayo ubaoni, ikanakiliwa madaftarini, ikatahiniwa na kisha ikasahauliwa. Ya pili ni ile itendwayo chini ya mti wa mgunga, mikono ikiwa imelowa grisi, na ambayo haijaandikwa popote. Hoja ninayokusudia kuitetea leo ni kwamba elimu hizi mbili ni moja, na kwamba kuzitenganisha kunatugharimu mali, muda na hata roho za watu. Ushahidi wangu ni kitu ambacho huenda baadhi ya wasomaji wakastaajabu kukiona kikijadiliwa katika ukurasa huu, nacho ni springi za mbele za pikapu.

Mfano wangu ninauchukua Liboi kwa makusudi. Mji huo mdogo wa Kaunti ya Garissa uko chini ya kilomita 20 kutoka mpaka wa Kenya na Somalia, na ng'ambo ya mpaka huo ndiko uliko mji wa Dhobley. Mwaka 1991, dola ya Somalia iliposambaratika, Liboi ulikuwa mmoja wa milango ambamo wakimbizi walipitia kwa maelfu kabla ya kambi za Dadaab kukua zikawa miji. Oktoba 2011, majeshi ya Kenya yalipovuka mpaka katika operesheni ya Linda Nchi, jina la Liboi lilisikika tena redioni. Baada ya hapo wengi wetu tukausahau mji huo. Lakini watu wake hawakuacha kuishi. Waliendelea kula, kuugua, kuzaa, kusoma na kufanya biashara, na takriban yote hayo yalitegemea gari lenye uwezo wa kwenda na kurudi.

Kutoka Garissa hadi Dadaab ni mwendo wa kilomita 100 hivi, na kutoka Dadaab hadi Liboi ni kama kilomita 80 nyingine. Katika ramani, masafa hayo si kitu. Ardhini mambo ni mengine. Kwa miongo mingi njia hiyo imejulikana kwa mchanga na vumbi wakati wa kiangazi na kwa tope linalonata wakati wa masika. Uso wake umejaa makunyanzi yanayolitikisa gari kama mtu apepetaye nafaka. Kuna laga, yaani mikondo ya maji iliyo mikavu karibu mwaka mzima na ambayo kingo zake ni za ghafla. Mvua za El Nino za mwaka 1997 na zile za mwaka 2023 zilipokata barabara za sehemu hizo, watu walijifunza kwa mara nyingine kwamba umbali haupimwi kwa kilomita peke yake. Zaidi ya hayo, hofu ya mabomu ya kutegwa ardhini imewafanya madereva wengi katika miaka iliyopita kuacha njia iliyozoeleka na kuchanja mbuga. Hapo gari huingia mahali ambapo hakuna barabara kabisa.

Katika mazingira hayo, sehemu ya kwanza kuteseka ni ile ya mbele. Magurudumu ya mbele ndiyo yanayolipokea shimo kabla ya mengine na ndiyo yanayoelekezwa na usukani. Juu yake imekalia injini, na mara nyingi wenye gari huongeza chuma kizito cha kukinga wanyama na vichaka. Dereva anapofunga breki akiteremka lagani, sehemu kubwa ya uzito wa gari humiminikia mbele. Si ajabu, basi, kwamba mojawapo ya shughuli za gereji za Garissa na Dadaab ni kuimarisha springi.

Namna wanavyoziimarisha mafundi wetu inajulikana. Pikapu za kazi za Toyota Land Cruiser za mfululizo wa 70, uliozinduliwa mwaka 1984, zilikuja na springi za mabapa mbele na nyuma, yaani vipande virefu vya chuma vilivyopindwa kama upinde na kulaliana kimoja juu ya kingine. Mwaka 1999 zile za mbele zilibadilishwa zikawa za kujiviringa, lakini ekseli nzima inayounganisha magurudumu mawili ikabaki. Gari la mabapa linapoanza kuinamisha pua, fundi hufungua boti, huchagua bapa kutoka katika rundo la vyuma chakavu, pengine la lori, hulikata kwa kipimo, hulichomeka katikati ya mengine na kukaza tena. Pua huinuka, mwenye gari hufurahi, na kazi huwa imekwisha.

Sitaki msomaji adhani kwamba ninawadharau mafundi hao. Hata kidogo. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na watu hawa wamehunzi kwa miaka mingi bila koleo. Fundi wa Dadaab anaweza kusikiliza mlio wa gari linaloingia gerejini na kukuambia bushi ipi imekufa kabla hujazima injini. Maarifa hayo hayapatikani katika kitabu chochote ninachokijua. Ninachosema ni kwamba kuna jambo moja ambalo sikio na mkono haviwezi kulijua peke yake, nalo ni hesabu. Na hesabu hiyo iko shuleni, imelala katika kitabu cha fizikia cha sekondari, haina kazi ya kufanya.

Mwanafunzi yeyote wa sekondari amewahi kukariri kanuni ya Robert Hooke, Mwingereza aliyeichapisha mwaka 1678: kadiri mzigo unavyoongezeka ndivyo springi inavyonyumbuka, kwa uwiano ule ule, mradi isipite kikomo chake. Ikiwa kilo 300 zinaishusha springi sentimita 5, kilo 600 zitaishusha sentimita 10. Mwanafunzi huiandika kanuni hiyo katika karatasi ya mtihani, akapewa alama zake na kwenda zake nyumbani. Akiwa njiani hupita kando ya gereji ambamo kanuni hiyo hiyo inavunjwa na kutiiwa kila saa, wala hamna aliyemwambia ageuze shingo.

Hebu tuifanye hesabu ambayo haijafanywa. Chukua springi yenye mabapa matano, na kwa ajili ya wepesi tuyahesabu kuwa yana urefu, upana na unene mmoja. Ugumu wa springi hiyo tuuite 5. Fundi akiongeza bapa la sita lililo sawa na mengine, ugumu utakuwa 6, yaani umeongezeka kwa asilimia 20. Hilo ni jambo la busara. Lakini je, akiongeza bapa la lori lenye unene mara mbili? Wengi watajibu kwamba ugumu utakuwa 7, kwa kuwa bapa moja nene ni kama mawili membamba. Jibu hilo si sahihi. Ugumu wa bapa hufuata unene wake uliozidishwa kwa wenyewe mara tatu. Mbili mara mbili mara mbili ni nane. Kwa hiyo springi yetu imetoka 5 ikawa 13. Mzigo ule uliokuwa ukiishusha sentimita 5 sasa hautaishusha hata 2. Mwenye gari aliomba springi iliyoongezwa nguvu kidogo, naye amepewa kitu kinachokaribia kuwa gogo.

Wala hadithi haiishii hapo. Mabapa yote yanapopindwa pamoja, lile nene ndilo linaloumia zaidi. Chuma chenye unene maradufu, kikilazimishwa kufuata mpindo ule ule, hubeba msongo maradufu. Kwa hiyo bapa lililotiwa ili liyaokoe mengine huweza kuwa la kwanza kukatika, na likikatika huwatwika wenzake mzigo wote kwa ghafla. Wahenga walituambia kwamba kamba hukatikia pabovu. Katika springi iliyochanganywa bila kipimo, pabovu huenda pakawa pale pale tulipopaona kuwa imara kuliko pote.

Kuna na suala la kuchomelea. Bapa likikatika safarini, jambo la kwanza linalokuja akilini ni kuliunga kwa moto wa welding. Chuma cha springi, hata hivyo, si chuma cha mlango. Kimepashwa moto, kikapozwa na kupashwa tena kwa vipimo ili kipate tabia ya kupinda na kurudi. Moto wa kuchomelea huiharibu tabia hiyo. Kando ya kovu la kuungwa chuma huwa kikavu mfano wa kigae, na safari itakayofuata kitakatika hapo hapo. Fundi mzoefu anajua kwamba kitakatika, ila hajaambiwa sababu. Asiyejua sababu hawezi kumshawishi tajiri wa gari atoe pesa za bapa jipya, na tajiri akisema, "Nichomelee tu," fundi huchomelea.

Mabapa mengi, zaidi ya hayo, hukatikia katikati, pale ambapo boti ya kati imetoboa tundu. Tundu hupunguza nyama ya chuma, na zile boti zenye umbo la U zinazoikumbata springi juu ya ekseli zikilegea, mpindo wote huja kukusanyika tunduni. Dawa yake haigharimu hata shilingi moja: ni spana, na mtu wa kukumbuka kuzikaza tena boti hizo baada ya gari kutembea masafa fulani na springi mpya. Nani atakayekumbuka kama si yule aliyeelezwa kwa nini?

Pikapu za aina nyingine zina kosa lao. Kuna Hilux za magurudumu manne ambazo mbele hazina mabapa wala springi za kujiviringa, bali zina fito mbili ndefu za chuma, moja kila upande, ambazo hubeba gari kwa kusokotwa. Kila ufito una boti ya kurekebishia. Ukiikaza, pua ya gari huinuka. Kwa sababu kazi hiyo haichukui hata saa nzima, imekuwa maarufu mno, na mwenye gari huondoka akiamini kwamba gari lake limekuwa na nguvu zaidi. Halijawa. Ugumu wa ufito hutokana na unene na urefu wake, na boti haibadilishi hata kimoja kati ya viwili hivyo. Kilichobadilika ni kimo tu. Tena kimo hicho kimenunuliwa kwa bei kubwa: gurudumu sasa halina nafasi ya kushuka linapokuta shimo, na zile jointi zinazopeleka mwendo gurudumuni zinafanya kazi zikiwa zimepinda kuliko zilivyokusudiwa. Mpira unaozifunika hupasuka upesi, mchanga wa Liboi ukaingia, na grisi ikageuka kuwa msasa.

Ningeweza kuendelea. Gari likiinuliwa, mipira ya breki iliyokatwa kwa kimo cha zamani huvutika. Pembe za vyuma vya usukani hubadilika, na gari likaanza kuyumba kila linapodunda. Kitovu cha uzito hupanda juu, na hali tunajua kwamba katika njia hizo abiria huketi juu ya magunia, na magunia juu ya bodi. Kila badiliko la mbele huita badiliko jingine. Hii ndiyo maana ya neno mfumo, ambalo walimu wetu hulitumia kila siku bila kulionyesha.

Yuko atakayeniuliza: je, kote duniani si huongeza springi? Naam, huongeza, na hapa ndipo somo linaponoga. Huko Marekani, katika miamba ya Moab jimboni Utah na katika njia ya Rubicon huko California, kuna mchezo wa kupandisha magari juu ya mawe makubwa kwa mwendo wa kinyonga. Hapa kwetu tunayo mashindano ya Rhino Charge, yaliyoanza mwaka 1989 kwa ajili ya kuchangisha fedha za kuulinda msitu wa Aberdare na vifaru wake. Ua wa umeme wa kuuzunguka msitu huo, wenye urefu wa takriban kilomita 400, ulikamilika mwaka 2009. Katika mashindano hayo gari hutakiwa kufikia vituo 13 kwa muda usiozidi saa 10, na mshindi ni yule aliyetumia umbali mfupi kuliko wote, si aliyekimbia sana. Kwa hiyo washindani hukata moja kwa moja kupitia mabonde, mawe na miiba.

Sasa tazama wanavyoziandaa springi za mbele. Hawazifanyi kuwa ngumu, bali huzifanya ndefu na laini. Lengo lao ni kwamba gurudumu la kulia likiwa juu ya jiwe, la kushoto lishuke hadi chini ya shimo na kuendelea kugusa ardhi. Gurudumu likining'inia hewani, katika gari la kawaida nguvu za injini hukimbilia huko huko hewani, na gari hubaki palepale likizungusha upepo. Springi ngumu huliinua gurudumu na springi laini huliachilia lifuate ardhi.

Basi gari la Liboi lingefuata lipi? Hapa hakuna jibu la mkato, na ndiyo sababu ninasema kwamba hili ni somo la kufundishwa. Liboi si Moab. Ardhi yake ni tambarare, na adui wake mkubwa ni mzigo, mchanga na makunyanzi. Pikapu inayobeba sukari na unga yahitaji ugumu ambao gari la mchezo halihitaji. Lakini pikapu hiyo hiyo, inapovuka laga yenye kingo za mshazari, yahitaji ulaini ambao gari la mzigo halina. Mwenye hekima hutafuta kati na kati, na kati na kati haipatikani kwa kubahatisha. Hupatikana kwa kulipima gari likiwa tupu na likiwa limejaa, kwa kujua springi hushuka sentimita ngapi kwa kila kilo mia, na kwa kuchagua bapa kwa rula badala ya kwa jicho.

Tena hupatikana kwa kuanza na yaliyo rahisi. Katika barabara ya makunyanzi, kinachokufa kwanza ni shoki, vile vibweta vyenye mafuta vinavyoizuia springi isirukeruke. Zikitikiswa kwa saa nyingi mfululizo, mafuta yake hupata moto, hulegea na kushindwa kazi, na tangu hapo springi hujipigania yenyewe hadi ikatike. Gari nyingi zinazoongezwa mabapa zilihitaji shoki na bushi tu. Na mchangani, dereva mzoefu hupunguza upepo wa tairi ili lijitandaze na kukanyaga eneo kubwa zaidi, kisha huujaza tena afikapo ardhi ngumu. Jambo hilo halina gharama, nalo hufanya kazi ambayo bapa jipya haliwezi kuifanya.

Kwa nini nayasema haya kwa walimu na wanafunzi badala ya kuyasema kwa wenye magari? Kwa sababu pikapu ya Liboi haibebi sukari peke yake. Mama mjamzito aliyezidiwa na uchungu usiku huenda akachukuliwa na gari hilo hilo lililoshusha magunia jioni. Springi iliyofanywa kuwa gogo, gari likiwa tupu, hainyumbuki hata kidogo. Kila kunyanzi la barabara hupita moja kwa moja hadi kwenye uti wa mgongo wa mgonjwa, kwa kilomita 80 hadi Dadaab au kwa 180 hadi Garissa. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na sisi tulio mbali twaweza kuuona utani. Kwa yule aliyelazwa bodini si utani. Hesabu ya 5 kuwa 13 si hesabu ya ubaoni kwake, bali ni tofauti ya kufika na kutofika.

Nazijua pingamizi zitakazotolewa. Ya kwanza ni kwamba tuache kuzungumza habari za springi, tuidai serikali ijenge barabara ya lami. Naiunga mkono dai hilo kwa mikono miwili. Watu wa Garissa ni walipa kodi kama wa Nyeri au Kisumu, na hapana sababu ya wao kutikiswa hadi mwisho wa dunia. Hata hivyo, lami haitafika kila kijiji, wala haitafika kesho, na hata itakapofika bado kutakuwa na laga za kuvuka kando yake. Tena nchi ambayo vijana wake hawawezi kupima springi itamwajiri mgeni ajenge barabara hiyo, imwajiri mgeni mwingine aikarabati.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi, nalo hutoka kwa walimu wenyewe. Watasema: mwalimu yupi huyo utakayemtuma gerejini, na hali walimu wenyewe hawapo? Ni kweli. Novemba 2014 abiria wa basi waliuawa karibu na Mandera, na miongoni mwao walikuwamo walimu wengi waliokuwa wakienda likizoni. Aprili 2, 2015, watu 148 waliuawa katika chuo kikuu cha Garissa, wengi wao wakiwa wanafunzi. Januari 2020 walimu watatu waliuawa Kamuthe, na baada ya hapo Tume ya Huduma ya Walimu iliwahamisha walimu wengi wasio wenyeji kutoka eneo hilo. Siwezi kumlaumu mwalimu aliyeondoka ili ayaokoe maisha yake. Lakini msiba huo wenyewe ndio unaoipa hoja yangu nguvu. Shule iliyopoteza mwalimu wa fizikia haijapoteza kila mtu anayeijua springi katika kijiji. Yuko mtu chini ya mgunga, mzaliwa wa hapo, asiyehitaji kuhamishwa na mtu. Hana cheti, lakini ana miaka 20 ya kazi.

Pingamizi la tatu ni la mafundi. Watasema kwamba msomi akiingia gerejini ataleta dharau na karatasi, kisha ataondoka na maarifa yao na kuyauza. Hofu hiyo haikuzuka bure. Tangu mfumo wa 8-4-4 uanzishwe mwaka 1985, tuliambiwa kwamba elimu ya mikono ingeheshimiwa. Tunakumbuka yaliyotokea: karakana nyingi zilijengwa kwa michango ya wazazi zisipate vifaa, na mtaala ulipopunguzwa mwaka 2002, masomo ya kazi za mikono yakawa ya kwanza kukatwa katika shule za msingi. Mtaala wa umilisi ulioletwa baadaye umerudisha ahadi ile ile kwa maneno mapya, na somo la utangulizi wa ufundi sasa linafundishwa katika sekondari ya chini. Swali ni kama mara hii tutaitimiza ahadi, au tutawachoresha watoto picha ya springi katika daftari huku springi yenyewe ikiwa imetupwa nje ya lango la shule.

Napendekeza, basi, mambo manne, na yote yako ndani ya uwezo wetu.

Kwanza, kila mwalimu wa fizikia katika Garissa, Dadaab na Liboi aombe bapa moja lililotupwa katika gereji iliyo jirani. Aliegemeze juu ya mawe mawili, atundike katikati yake mtungi wa maji wa lita 20, na wanafunzi wapime kwa rula limeshuka kiasi gani. Waongeze mtungi wa pili, kisha waongeze bapa la pili. Kwa kuwa lita ya maji ina uzito wa kilo moja, mizani haihitajiki. Bapa likiwa gumu mno, watafute jembamba zaidi au waongeze mitungi, na huko kutafuta kwenyewe ni sayansi. Shule isiyo na maabara itakuwa imepata maabara kwa siku moja.

Pili, fundi aalikwe darasani, na akifika apewe kiti na heshima ya mgeni. Mgeni njoo mwenyeji apone. Aulizwe maswali, naye aulize. Mwanafunzi amweleze kwa nini unene huzidishwa mara tatu, naye amweleze mwanafunzi kwa nini gari linalotoka Liboi huvunjika springi ya kushoto kabla ya ya kulia, ikiwa hivyo ndivyo aonavyo yeye. Watakapokuwa wamekosoana kwa adabu, wote wawili watakuwa wamesoma.

Tatu, North Eastern National Polytechnic iliyoko mjini Garissa ichukue jukumu la kuyaandika maarifa haya. Kiandikwe kijitabu chembamba kuhusu springi, shoki na usukani wa pikapu, kwa Kiswahili na kwa Kisomali, chenye michoro na majedwali ambayo fundi anaweza kuyasoma akiwa amepiga magoti. Na pale ambapo fundi asiyesoma anaweza kuonyesha kazi yake kwa mikono, aingizwe katika majaribio ya ufundi yanayosimamiwa na mamlaka ya mafunzo ya viwanda, NITA, apate daraja lake. Cheti hakitamwongezea ujuzi siku hiyo, lakini kitamwezesha kumwambia tajiri wa gari "Hapana" na akasikilizwa.

Nne, na hili nawaambia walimu wa Kiswahili, tuache kudhani kwamba mambo haya hayatuhusu. Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilitoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia, na ilikuwa hatua kubwa. Lakini lugha haikui kwa kamusi peke yake. Hukua pale inapofanya kazi. Mafundi wetu tayari wana maneno yao ya bushi, shoki, boti na bapa. Wanafunzi wapewe insha za kueleza jinsi springi inavyofanya kazi, kama wanavyopewa insha za sherehe ya harusi. Mwanafunzi awezaye kueleza kwa Kiswahili safi kwa nini bapa nene hukatika kwanza, huyo ameijua lugha na ameijua sayansi kwa pamoja.

Sidai kwamba springi zitaleta amani mpakani, wala kwamba rula itamfufua aliyekufa njiani. Ninachodai ni kidogo, na kwa udogo wake hakina udhuru. Kanuni ambayo ingeweza kulifikisha gari salama imekuwamo shuleni kwetu miaka yote hii. Gari lililoihitaji limekuwa likipita mbele ya lango la shule hiyo kila asubuhi, limeinamisha pua, limejaza watu. Kilichobaki ni mwalimu mmoja kufungua lango, avuke barabara pamoja na darasa lake, na amwombe fundi ruhusa ya kupima.